Namba ya nani? Kuhusu lile jedwali la mishahara ya wahandisi

Wandugu, jedwali limerudi. Kila mwaka, wafinalisti wakiisha kutetea memwari zao, linaanza tena kuzunguka ku telefone: bendera upande wa kushoto, namba upande wa kulia, na juu yake maneno makubwa, "Mhandisi analipwa ngapi duniani?" Uswisi iko juu kabisa, Marekani inafuata, halafu Ujerumani, Ubelgiji, Japani, na kule chini Romania na Bulgaria zimekaa kama watoto waliochelewa masomo. Watu wanaweka kidole ku bendera wanayoipenda na kuanza kupanga maisha.

Sitasema jedwali linadanganya. Mara nyingi namba zake zimetoka mahali pa heshima. Ubaya wake ni mwingine: linapanga ku mstari mmoja vitu visivyofanana, na halisemi kila namba ni ya nani. Ni namba ya yule anayelipa, ya yule aliyesaini kontra, ama ya yule anayeenda sokoni na kikapu? Jedwali linanyamaza. Msomaji anajijibu mwenyewe, na karibu kila mara anajijibu vibaya.

Ninasema hivyo juu mimi mwenyewe nilijijibu vibaya, na kosa langu lilimwangukia mtu mwingine.

Mtoto wa mama mukubwa, tuseme mudogo wangu, ni mhandisi wa umeme na mitambo. Alisomea hapa Lubumbashi, akaenda kumalizia Ubelgiji, akapata kazi kule Liège. Siku aliposaini aliniambia mimi peke yangu: "Yaya, nimesaini elfu ine." Nilifurahi, nikanyamaza. Halafu mwaka 2023 familia ikakutana juu ya minerval ya wadogo wawili, na kila mtu akaanza kukisia mfuko wa yule wa Ulaya. Mimi msomi nikatoa telefone, nikaonyesha jedwali, nikasema jedwali lina haki, mwenyewe aliniambia euro 4,000. Nikabadilisha ku dola mbele ya watu wote: 4,300 na kitu. Nyumba ilinyamaza. Mama mukubwa akasema: "Kumbe mutoto eko anapata elfu ine, sisi anatutumiaka mia moja!" Wakaamua atume dola 1,000 kila mwezi. Akatuma 250. Maneno yaliyofuata mu grupe ya familia siwezi kuyaandika hapa. Alitoka mu grupe, akakaa nje miezi saba.

Kabla ya kutoka alinitumia kitu kimoja tu, usiku: picha ya karatasi yake ya mshahara, na chini yake maneno machache. "Ile unasoma ni ya patroni. Yangu haiko pale."

Tuisome basi ile karatasi. Juu: bruti, euro 4,000. Chini yake ONSS, ndiyo CNSS ya kwao, inakata 13.07%, yaani euro 522.80. Ku ile inayobaki, kodi ya mapato inaingia, na Ubelgiji haichezi na kodi: kwa mapato ya mwaka 2023, kila euro iliyopita 46,440 kwa mwaka ilikatwa 50%, na zile zilizo chini yake kidogo 45%. Mudogo hajaoa na hana mtoto, kwa hiyo hakuna anayempunguzia. Chini kabisa ya karatasi, neti: karibu euro 2,600.

Sasa tupande upande wa patroni, ule ambao haujaandikwa vizuri ku karatasi. Juu ya zile 4,000 anaongeza michango yake mwenyewe ku ONSS, kama robo ya bruti. Halafu kwa patroni wa Ubelgiji mwaka hauna miezi 12. Kuna mwezi wa 13, na kuna pesa ya konji ambayo ni 92% ya mwezi mmoja. Ndiyo maana watu wa hesabu kule wanazidisha mshahara wa mwezi mara 13.92. Zidisha 4,000: ni 55,680. Weka michango yake juu, unafika karibu 69,000 kwa mwaka, kabla ya gari.

Kijana mmoja, kazi moja, mwaka mmoja. Patroni anasema 69,000. Kontra inasema 4,000 mara 12, yaani 48,000. Kikapu cha soko kinasema 31,000 na kitu, ukiacha ule mwezi wa 13 na ile konji, ambazo nazo zinakatwa bila huruma. Namba zote tatu ni za kweli. Jedwali linachukua moja, na ku bendera inayofuata linaweza kuchukua nyingine.

Hapa kwetu hatuna sababu ya kushangaa. Anayefanya kazi yenye kontra anaijua IPR, anajua CNSS inamkata 5%, na anajua patroni analipa 13% ambayo yeye haioni. Lakini ubongo wetu ukivuka bahari, tunasahau kwamba kule pia kuna mkasi. Na mkasi wa Ubelgiji ndio mrefu kuliko yote. OECD inaupima kila mwaka: mwaka 2023, kwa mfanyakazi asiye na familia, mwenye mshahara wa wastani, 52.7% ya gharama yote ya patroni ilikwenda ku kodi na michango. Hakuna nchi ya OECD iliyofika pale. Wastani wao ulikuwa 34.8%. Marekani ilikuwa karibu 30%.

Na gari? Picha ya lile gari ilichangia kumharibia jina. Aliiweka mu grupe kwa furaha, Volkswagen mpya, na watu wakasema: unaona? Ila gari si lake, ni la sosiete. Ubelgiji imejaa wahandisi na washauri wenye gari la namna hii, juu mshahara ukiongezwa unakatwa nusu, lakini gari linakatwa kidogo. Patroni na mfanyakazi wote wanaona faida. Kuna pia tiketi za chakula: miaka ile zilifika mpaka euro 8 kwa siku ya kazi, na mfanyakazi mwenyewe alitoa angalau euro 1.09 ndani yake. Kuna bima ya hospitali, kuna akiba ya uzee ya kikundi. Yote ni malipo ya kweli. Lakini gari haliendi Western Union, na tiketi ya chakula hailipi minerval ya Lubumbashi.

Sasa tuone jinsi jedwali linavyoweza kupotosha bila kuandika namba moja ya uongo. Naweza kulitengeneza mimi mwenyewe. Eurostat ilitoa gharama ya saa moja ya kazi kwa mwaka 2023: Ubelgiji euro 47.1. Ofisi ya Marekani ya takwimu za kazi, BLS, ilisema mwezi wa 5 wa mwaka uleule mhandisi wa mitambo aliyesimama katikati, nusu ya wenzake juu yake na nusu chini yake, alipata dola 99,510 kwa mwaka, yaani dola 47.84 kwa saa. Weka bendera mbili, andika 47 na 47, tuma. Kesho mtu atasema mhandisi wa Ubelgiji na wa Marekani ni bei moja.

Kumbe hakuna kinachofanana pale. Ile ya Ubelgiji ni gharama ya patroni, michango ndani. Ile ya Marekani ni mshahara, michango nje. Ile ya Ubelgiji ni ya wafanyakazi wote pamoja, mhandisi na mpokea wageni na dereva. Ile ya Marekani ni ya mhandisi wa mitambo peke yake. Moja ni wastani, ingine ni ya mtu wa katikati. Moja ni euro, ingine dola. Hata saa yenyewe si saa moja: BLS inagawa mwaka kwa saa 2,080, wiki 52 mara saa 40, bila kutoa konji. Makosa matano ndani ya bendera mbili, na kila namba unaweza kuapa juu yake mbele ya jaji.

Kuna wanaojiona wajanja, wanasema: basi tulinganishe neti, namba ya kikapu. Ni afadhali, lakini pale pia kuna shimo. Uliza kwanza ile neti itapaswa kununua nini. Marekani, bima ya matibabu ya familia nzima inayopitia kwa patroni iligharimu wastani wa dola 23,968 mwaka 2023, kwa hesabu ya KFF, taasisi inayofuata mambo haya kila mwaka. Mfanyakazi alitoa 6,575, patroni akatoa zile zingine, zaidi ya 17,000. Zile 17,000 haziko ndani ya 99,510, ni juu yake. Na zile 6,575 haziko ndani ya ile 30% ya OECD, juu hazihesabiwi kama kodi. Uswisi nayo ni vilevile: bima ya matibabu ni lazima kwa kila mtu, lakini unailipa mwenyewe kutoka ku neti yako, kila mwezi, kwa kampuni ya bima. Kwa hiyo "neti" ya Zürich na "neti" ya Liège ni maneno mapacha ya mama tofauti. Mudogo alipasuliwa apendisi mwaka wake wa pili wa kazi. Fakture iliyomfikia mwenyewe, mutuelle ikiisha kulipa sehemu yake, ilikuwa ndogo kuliko ile ambayo familia yetu ilitoa hapa kwa malaria moja kali. Zile 522.80 za kila mwezi hazikuwa zimepotea.

Masomo nayo. Wenzetu wa Ubelgiji wanatumia neno lilelile, minerval, na ku universite za upande wa Kifaransa ilikuwa euro 835 kwa mwaka kwa miaka mingi. Mhandisi wa Marekani anaweza kuanza kazi na deni la masomo mgongoni. Namba 99,510 haiwezi kukuambia ni kiasi gani kinarudi ku benki kabla hajanunua kiti cha kwanza.

Mfano unaonifurahisha kuliko yote ni wa Lituania. Tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2019, serikali ilihamisha karibu michango yote ya patroni ikaiweka ku jina la mfanyakazi, na sheria ikasema kila mshahara bruti uzidishwe mara 1.289 ili mtu asipoteze. Watu walilala, wakaamka, mishahara ya nchi nzima imepanda 28.9% ku karatasi. Ile zidisho yenyewe haikumwongezea mtu mkate. Romania ilifanya karibu vilevile mwaka mmoja mbele. Sasa fikiria yule mtengeneza jedwali anayechukua bruti ya 2017 na bruti ya 2020, anapiga mshale wa kupanda, anaandika "angalia wanavyoendelea." Mshale ni wa mwandishi wa sheria, si wa mhandisi.

Mabadiliko ya pesa yanaleta mchezo uleule bila sheria yoyote. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa karibu yen 80. Mwaka 2024 ilipita 150, kuna wakati ilifika 160. Mhandisi wa Nagoya aliyebaki ku yen 6,000,000 kwa mwaka alikuwa "mtu wa dola 75,000" mara ya kwanza, na "mtu wa dola 40,000" mara ya pili. Hakufukuzwa kazi, hakupunguziwa, na mchele wake haukupanda mara mbili. Ni bendera yake tu iliyoshuka ku jedwali letu. Sisi wa Congo tunaoishi na franga na dola mu mfuko mmoja, tungepaswa kuwa wa kwanza kuuona mtego huu.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema ninapigana na picha ya WhatsApp. Hapana. Kuna nchi ambako jedwali la namna hii ni sheria, na nchi yenyewe ni ileile ya mudogo wangu. Tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka 1996, Ubelgiji ilipitisha sheria ya kulinda ushindani wake. Kwa ufupi: gharama ya kazi ya Ubelgiji inalinganishwa na ya majirani watatu, Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi. Baraza kuu la uchumi linapiga hesabu ya pengo tangu 1996, na kutokana na hesabu ile, kila miaka miwili kunawekwa dari: mishahara isipande zaidi ya asilimia fulani, juu ya index na ngazi za kazi. Mwaka 2017 dari ilikazwa zaidi. Kwa 2021 na 2022 ilikuwa 0.4%. Kwa 2023 na 2024, sifuri. Kwa 2025 na 2026, sifuri tena.

Nielewe haki ya sheria ile kwanza, juu iko nayo. Ubelgiji ni nchi ndogo, na wateja wake wakubwa ni majirani walewale. Tena iko na kitu ambacho majirani hawana: mishahara inapanda yenyewe kufuata bei ya vitu. Mwezi wa 1 mwaka 2023, wafanyakazi wa ofisi wa ile komisio kubwa namba 200 walipandishiwa 11.08% siku moja, juu ya mfumuko wa bei. Patroni wa Liège ambaye mshindani wake yuko Aachen, mwendo mfupi wa treni, alikuwa na haki ya kuogopa. Na watu wa kule hawajasahau viwanda vilivyofungwa: Renault ya Vilvoorde mwaka 1997, watu 3,100, Opel ya Antwerpen 2010, Ford ya Genk 2014, Audi ya Brussels 2025, watu karibu 3,000. Kila mara mlango ukifungwa, neno "gharama ya kazi" liko ku midomo.

Lakini uangalie kipimo chenyewe. Kwanza, kinapima bei ya saa, na ndani ya bei ile hakuna neno juu ya kile saa inachozaa. Saa ya kazi ya Ubelgiji inazaa mali nyingi, iko kati ya zile za juu Ulaya. Kupima gharama bila mazao ni kama kusema shamba la Petro ni ghali kuliko la Paulo bila kuuliza kila mmoja anavuna gunia ngapi. Pili, vyama vya wafanyakazi vinalalamika tangu zamani, na mimi ninaona wana haki, kwamba serikali inawapa mapatroni misaada mikubwa ya mishahara na kuwapunguzia michango, halafu hesabu ya pengo haitoi misaada ile yote. Patroni anapunguziwa kwa mkono mmoja, na ku jedwali anabaki amelemewa. Tatu, jirani anayetumiwa kama rula anaweza kuwa amejikunja. Mwaka 2013 mawaziri wa Ubelgiji walipeleka malalamiko ku Tume ya Ulaya juu ya mishahara ya chini sana ndani ya machinjio ya Ujerumani, na Ujerumani haikuwa na mshahara wa chini wa kisheria kwa wote mpaka mwezi wa 1 mwaka 2015. Yaani unamshitaki jirani kwamba analipa vibaya, na wakati uleule sheria yako inasema usipande kumzidi.

Na kwa mhandisi, sheria ile imezaa nini? Imezaa gari. Ukimfungia patroni mlango wa mshahara, na kodi ikakaa pale ilipo, mtu mwenye elimu inayotafutwa atalipwa kwa madirisha: gari, tiketi, telefone, bima, akiba ya uzee. Fundi wa mashine asiye na nguvu ya kudai gari, yeye sifuri yake ni sifuri kweli. Sheria iliyotungwa kwa kulinganisha nchi imekuja kutenganisha watu ndani ya karakana moja. Tena gari lile, kama si lazima kwa kazi, liko barabarani kila asubuhi kati ya Namur na Brussels, limesimama mu foleni, na ile saa ya foleni hakuna jedwali linaloihesabu.

Nirudi ku mazao, maana hapo njo penye kosa letu sisi vijana wa hapa. Mara ngapi nimesikia: "Sisi ni bei ya chini, viwanda vitakuja vyenyewe." Basi angalia Romania, nchi ambayo kweli ilitumia bei ya chini. Renault ilinunua Dacia, ikatoa Logan mwaka 2004, halafu ikaweka wahandisi wengi karibu na Bucharest na uwanja wa kujaribia magari kule Titu mwaka 2010. Bei ilivuta, ndiyo. Mwaka 2008 saa ya kazi iligharimu euro 4.2 Romania na euro 31.2 Ufaransa, zaidi ya mara 7. Lakini pale Mioveni kiwanda kilikuwa kimesimama tangu miaka ya 1960, mafundi walikuwako, shule za uhandisi zilikuwako, umeme haukuwa wa kubahatisha. Bei ya chini ilikuja juu ya vitu vile, haikuja mahali pake. Programu ya kuchora gari inauzwa karibu bei moja Paris na Bucharest, na mashine ya kupimia injini haijui mshahara wa anayeigusa. Mhandisi wa bei nafuu aliyekaa mbele ya mashine iliyozimika ni ghali kuliko wote. Sisi wa hapa tunaosubiri umeme urudi ili telefone ziwake, tungepaswa kulijua hili bila kufundishwa.

Na bei yenyewe haikubaki chini. Mwezi wa 3 na wa 4 mwaka 2008 wafanyakazi wa Dacia waligoma karibu wiki tatu, wakaongezewa. Mwaka 2023 Romania ilikuwa ku euro 11 kwa saa, Ufaransa 42.2. Pengo la mara 7 limekuwa chini ya mara 4. Na hapa nimetumia gharama yote ya patroni, si bruti, juu ya ule mchezo wa kuhamisha michango niliousema. Mtu akikupa bruti ya Romania kabla na kisha ya 2018 bila kukuonya, mrudishie telefone yake.

Kwa hiyo jedwali likija tena, mimi nina maswali yangu. Hii ni ya patroni, ya kontra, ama ya kikapu? Ni ya mhandisi, ama ya nchi nzima? Na hata "mhandisi" ni nani? Ufaransa, jina la mhandisi mwenye diploma linalindwa na komisio maalumu tangu 1934; Uingereza, mtu anayekuja kurekebisha mashine ya maji ya moto anaitwa mhandisi vilevile, na hakuna wa kumshitaki. Mwaka 2005 watafiti wa universite ya Duke walichunguza zile namba za kutisha zilizosema China inatoa wahandisi 600,000 kwa mwaka na Marekani 70,000. Wakakuta ndani ya hesabu ya China kuna watu wa diploma ya miaka miwili na mitatu, wakati Marekani ilihesabiwa kwa kipimo kingine. Wanasiasa walikuwa wamekwisha kuogopa.

Mwisho wa konji nilipata ujasiri wa kwenda kwa mama mukubwa na ile karatasi ya mshahara, nimeichapisha. Yeye ni mfanyabiashara, analeta unga kutoka Kasumbalesa miaka 20 sasa. Nilianza kumweleza ONSS, nikaona macho yake yanachoka. Nikaacha. Nikamwambia: mama, mfuko mmoja wa unga, bei yake pale mpakani na bei yake hapa sokoni ni moja? Akacheka. "Ile ya mpakani, ile ya douane, ile ya kamyo, ile ya kilalo." Nikaweka kidole ku 4,000, nikakishusha mstari kwa mstari mpaka 2,600. Halafu nikamwonyesha bei ya nyumba yake kule Liège, moto wa baridi, basi ya siku ya mapumziko, juu gari la sosiete lina mipaka yake. Alifuata kidole changu bila kusema kitu.

Akauliza swali ambalo mimi sikuuliza mwaka mzima: "Na zile zinabaki ku njia, nani anazikula?" Nikamwambia juu ya pansiyo, juu ya hospitali, juu ya ile apendisi. Alinyamaza. "Kumbe alipasuliwa? Hakutuambia."

"Alikuwa ametoka mu grupe, mama."

Alichukua telefone yake, akavaa miwani, akaandika pole pole kwa kidole kimoja. Sikusoma alichoandika. Mwezi uliofuata zilikuja dola 250, kama mbele.